Vijiti Vitano Kushoto, Sita Kulia

Soko la Gitega siku ya Jumamosi halina adabu. Ukisimama unasukumwa, ukitembea unakanyagwa. Katikati ya zogo hilo, mbele ya meza ya vyombo, kijana mmoja mrefu alikuwa amechuchumaa na futi mkononi, shati lake la kijani limejaa vumbi la mbao. Alipima sahani ya udongo, akapima ya bati, akaandika namba kwenye kiganja chake kana kwamba soko zima ni karakana yake.

"We, monsieur! Uko unanunua ama uko unapima?"

Mwenye meza aliitwa Emiliana. Alikuwa na miaka ishirini na mitano, kitenge cha rangi ya machungwa, na kilemba cha kitambaa hichohicho alichokifunga upande kwa makusudi, maana alijua vizuri sana jinsi kinavyompendeza.

"Napima kwanza, dada. Mimi ni seremala, naitwa Anatoli. Natengeneza kabati la vyombo, na sahani lazima ikae kwenye mfuo wake isianguke."

"Mi nauzaka sahani. Sentimetre siuzi."

"Basi niuzie moja. Hiyo nyeupe."

"Moja? Na bibi yako atakulia wapi?"

"Sina mke."

"Ah bon," alisema Emiliana, akiifunga sahani kwenye gazeti polepole kuliko ilivyohitajika. "Basi chukua mbili. Atapatikana."

Alichukua mbili. Jumamosi iliyofuata alirudi na moja, akidai imepinda. Ilikuwa nzima kabisa, na wote wawili walijua. Kufikia mwezi wa tatu alikuwa na sahani kumi na nne na namba ya simu ya Emiliana, na simu zenyewe zilikuwa hazina mwisho.

"Emi wangu, umekula?"

"Nimekula. Na we, umekula ama umekula randa?"

"Nimekula sauti yako."

"Yemwe! Watu wa Tanzania muko waongo!"

Alimwita hivyo kwa utani, kwa sababu Anatoli alizaliwa kambini Tanzania na kukulia huko mpaka wakimbizi waliporudishwa mwaka wa 2012, naye akiwa na miaka kumi na sita. Kiswahili chake kilinyooka, na Emiliana alipenda kukisikiliza hata kilipokuwa kinaeleza habari za makabati. Vijana wengine huwazungumzia wasichana mpira. Huyu alizungumzia makabati, tena ya zamani.

Jioni moja walikaa nje ya karakana yake, wanakula ndizi za kukaanga. Ndani kulikuwa na kabati jipya la mbao za mgrevilea linalongoja rangi.

"Unajua kwa nini milango ya chini nimeitia vijiti badala ya mbao nzima?" aliuliza Anatoli.

"Sijui, chéri. Lakini utaniambia."

"Mabruda wa misheni ya Mutoyi walileta mfano wa kwao Ulaya. Juu rafu za kuonyesha sahani, katikati droo mbili za vijiko, chini milango mizima. Kwao baridi, chakula hakichachi. Hapa kilichacha. Basi baba yangu, aliyejifunza kwao, akatoa mbao akatia vijiti ili hewa ipite. Akarefusha miguu ikae ndani ya makopo ya maji, siafu wasipande. La kwanza kabisa alimtengenezea mama walipooana. Mti wa umuvugangoma, ule unaochongewa ngoma."

"Hilo kabati liko wapi?"

"Limepotea vitani, mwaka wa tisini na tatu. Baba alifia kambini, lakini kila siku alinichorea mchangani. Alikuwa na kosa moja hata yeye akilicheka. Mti ulimwishia, mlango wa kushoto ukapata vijiti vitano, wa kulia sita. Nikiliona popote nitalijua."

Emiliana aliweka ndizi yake chini.

"Walikuwa wanakaa wapi?" aliuliza.

"Giteranyi, baba alifanya kazi huko. Tuliporudi, mama alikwenda peke yake kuulizia vitu vyake. Jirani akamwambia wezi walibeba vyote. Akaja zake Bugendana kwa ndugu wa baba. Wewe si wa Muyinga? Giteranyi unapajua?"

"Kidogo tu," alisema Emiliana.

Alizaliwa Giteranyi. Alijifunza kuhesabu kwenye vijiti vile, kushoto tano, kulia sita, na mwalimu alimpiga aliposhikilia kwamba pande mbili za kitu kimoja si lazima zilingane. Na alimkumbuka yule mwanamke mwembamba mwenye kanga, aliyesimama uani kwao mwaka wa 2012. Baba yake, Bonifasi, alisema, "Wezi walibeba vyote, dada." Kisha akamtazama binti yake, na binti, mtoto wa miaka kumi na miwili, akaelewa. Akaenda akafunga mlango wa chumba cha ndani, lilimokuwa kabati. Kwa miaka kumi na mitatu sauti ya mlango ule haikumtoka masikioni, na sasa alikuwa amejibu "kidogo tu" kwa sauti ileile ya baba yake. Alijichukia.

"Jumapili nikupeleke kwa mama," Anatoli alisema kwa furaha. "Nimemwambia habari zako zote."

Jumapili Emiliana hakuonekana. Wala Jumatatu. Meza ya vyombo alimwachia Ketsia, Mkongo aliyekuwa anauza vitenge pembeni yake, naye akapanda gari la Muyinga. Simu ililia mara tisa. Ya kumi akaipokea.

"Emi, nimekukosea nini?"

"Hakuna."

"Ni useremala wangu? Ni kambi? Sema tu. Watu wengi wanatuona sisi tuliorudi ni wageni, nimezoea. Lakini wewe sikutegemea unionee aibu."

Ilikuwa rahisi sana kulikanusha neno aibu, lakini kama angelikanusha angelazimika kusema aibu ni ya nani.

"Uniache kwanza, Anatoli," alisema, akakata.

Hapo mimi ninayesimulia ningependa kumzaba kofi. Alimwacha mtu mwema wiki sita aamini kwamba vumbi la shati lake ndilo lililomfukuza. Anatoli aliacha kunyoa. Kabati la grevilea lilibaki bila rangi.

Nyumbani Giteranyi, Emiliana alikaa wiki tano bila kuthubutu kusema, mpaka siku moja alipomkuta baba yake mezani, kabati nyuma yake, sahani zimepangwa. Bonifasi alikuwa mzee mwenye koti la kijivu na sauti ya chini. Emiliana alimweleza yote bila kukaa. Mzee aliisogeza chai yake kando.

"Nililichukua siku ya pili," alisema. "Wengine walikuwa wanachoma vitu. Nikajiambia ninamtunzia. Halafu miaka ikapita, mama yako akalizoea. Mwenyewe alipokuja, nilishindwa."

"Na mimi ukanituma kufunga mlango."

"Nilikutuma." Aliufuta mdomo wake kwa mkono. "Lakini Mungu ametupa njia, mwanangu. Kijana si anataka kukuoa? Bibi harusi anakwenda kwake na vitu vya nyumba. Kabati tutalitia humohumo, pamoja na godoro na masufuria. Litarudi kwao, na hakuna atakayeaibika."

Ilikuwa akili nzuri, na kwa dakika nzima Emiliana aliitamani. Aliliona kabati juu ya gari la harusi, limefungwa utepe, akina mama wanapiga vigelegele.

"Baba," alisema, "unataka kumpa yule mama kabati lake, halafu akwambie asante?"

Bonifasi aliinamisha kichwa.

"Mi nitalipeleka Jumapili, mchana, watu wakitoka misa," alisema Emiliana. "Hata kama atanifukuza. Hata kama Anatoli hatanitazama tena. Unakuja ama haukuji, iko juu yako."

Jumapili Houssein, jirani mwenye pikapu, alilifunga kabati kwa kamba. Emiliana alivaa gauni jeusi la kawaida, kichwa bila kilemba. Gari lilipowashwa, mlango wa nyumba ukafunguka, na Bonifasi akatoka na koti lake la kijivu na kofia. Hakuingia mbele. Alipanda nyuma, akasimama akilishika kabati kwa mikono miwili, na alikuja hivyo mpaka Bugendana, watu wote wa njiani wakimtazama.

Paskazia, mama yake Anatoli, alikuwa uani anapepeta maharage. Wanakwaya waliotoka misa walisimama barabarani. Anatoli alitoka ndani na ndevu zake, akamwona Emiliana, akaona kilicho nyuma yake, na futi ikamponyoka mkononi.

Bonifasi alishuka akavua kofia. Alisema kwa sauti iliyofika barabarani.

"Dada, nilikwambia wezi walibeba vitu vyako. Mwizi nilikuwa mimi. Kabati lako lilikuwa ndani, hatua nne kutoka uliposimama."

Paskazia aliinuka, akalikaribia kabati, akaanza kuhesabu kwa kidole. Kimoja, viwili, vitatu. Hapo akasimama kidogo. Kisha vinne, vitano, na upande wa pili mpaka sita.

"Siku ile nilifika cha tatu," alisema, "mlango ukafungwa."

Emiliana alimsogelea. "Uliona, mama?"

"Niliona. Nikaona na aliyefunga. Kitoto chenye gauni la shule, kinatetemeka. Nikajiambia nikipiga kelele, huyu mtoto atabeba aibu ya baba yake mbele ya watu. Nikaondoka."

"Niliibeba hivyohivyo," alisema Emiliana, akalia waziwazi.

Anatoli alimgeukia mama yake. "Hukuniambia?"

"Ungekwenda kupigana."

Kisha Anatoli akamgeukia Emiliana, na sauti yake ilikuwa kali. "Wiki sita! Nimejitazama kwenye kioo wiki sita nikitafuta kasoro. Nilidhani unanionea aibu mimi."

"Nilijionea aibu mimi mwenyewe. Ulinieleza habari zako zote, na mi nikakudanganya kwa maneno mawili, 'kidogo tu'. Nisamehe. Na kama hautaki kunisamehe, kabati si bei ya msamaha. Ni la mama."

Anatoli aliokota futi, akafuta vumbi lake, akasema kwa shida, "Ningekuona bila kilemba mapema, ningenunua sahani ishirini."

Emiliana alicheka huku makamasi yanamtoka, na hakujali.

Walilishusha kabati wote wanne. Bonifasi alibaki uani na kofia mkononi, hajui kama aondoke.

"Na habari ya watoto hawa, dada?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ya kabati yamekwisha hapa," alisema Paskazia. "Ya binti yako hayasemwi hapa. Tutakuja kwako Giteranyi kumposa, mimi na ndugu za marehemu, inavyopasa."

Kisha akamtazama Emiliana.

"Ila safari hii, mwanangu, usifunge mlango."