Maji Yasiyo na Mdudu Hai

"Anakata kulia. Barabara ya maghala," ilisema sauti ya mwenzake kwenye redio ya upepo.

"Nimemwona," alisema Mama Mkwe, akakanyaga mafuta.

Land Cruiser ilinguruma. Mbele yake Mercedes nyeupe ilijipenyeza katikati ya malori mawili, ikang'oa kioo cha pembeni cha moja, ikaendelea. Ndani alikuwamo mtu mmoja. Suti ya kijivu, jasho jingi.

Idara ya ujasusi ilimwita Mama Mkwe ingawa hakuwa na mkwe. Ilikuwa ile namna yake ya kumtazama mtu: anaanzia viatuni, anapanda taratibu, na anakata tamaa kabla ya kufika usoni.

Mtu wa Mercedes alimpa kila sababu. Mjini alijulikana kama Bwana Safi. Msambazaji wa dawa, mgeni rasmi wa kila mahafali ya shule, hodari wa kupiga picha na wagonjwa waliolala. Kumbe alikuwa ameajiriwa na kampuni ya nje iliyotaka kukiua kiwanda cha dripu cha serikali. Kazi yenyewe ilikuwa ya kishenzi. Atengeneze dripu bandia zenye nembo ya kiwanda hicho, azipenyeze hospitalini, kisha angoje wagonjwa waanze kutetemeka. Kiwanda kifungwe. Kampuni iingie na sura ya mwokozi.

Kumkamata kulikuwa rahisi. Kumbana ndiko kulikoshindikana. Dripu za kwanza zilipokamatwa na kupimwa, majibu yalisema hakuna mdudu hai, hakuna sumu. Bwana Safi alitoka kituo cha polisi akiwapungia mkono waandishi wa habari kama bwana harusi.

Aliyelifumbua fumbo lake ni mtoto wa kaka yake Mama Mkwe, daktari bingwa wa kinga ya mwili.

"Shangazi, walipima kitu kisichokuwamo," alimwambia maabarani. "Kile kipimo kinanasa sumu ya kundi moja tu la bakteria. Hawa ni wa kundi jingine, wanaitwa Gram chanya. Wana ukuta mnene, na ndani ya ukuta huo kuna nyuzinyuzi za kitu kinachoitwa asidi ya lipotekoiki. Ukiwachemsha, wanakufa. Zile nyuzi zinabaki majini."

"Na bakteria aliyekufa anamdhuru nani?"

"Yeye hana neno tena. Mwili ndio wenye neno. Chembe nyeupe za damu zikizigusa zile nyuzi, zinajua ni za adui. Hazijui kwamba adui ameshakufa. Zinapiga king'ora mwili mzima. Homa inapanda, mishipa inalegea, presha inaporomoka. Mtu mwenye nguvu zake anaweza kupona. Kichanga, au mzazi aliyetoka kupasuliwa, sina hakika."

"Kwa hiyo huyu mtu anafuga bakteria, anawachemsha, anawatia kwenye dripu."

"Makusudi kabisa. Anajua kipimo cha kawaida hakitamwona."

"Utathibitishaje?"

"Kwa damu mbichi ya binadamu. Kunja mkono wa blauzi, Shangazi."

Alikunja. Damu yake ikagawanywa chupa mbili, moja ikatiwa maji ya dripu zilizokamatwa, nyingine ya dripu halali za kiwandani, zikaachwa kwenye joto la mwili mpaka kesho yake. Majibu yalipotoka, chupa ya kiwandani ilikuwa shwari, lakini kwenye ile ya bandia chembe zake nyeupe zilikuwa zimemwaga kemikali za vita kupita kiasi.

"Hata damu yako haimpendi," alisema daktari.

"Imelelewa vizuri."

Basi ndiyo maana sasa alikuwa akimfukuza Bwana Safi jua likiwa utosini, na ambulensi ya Idara nyuma yake.

Redio ya Motorola ilikwaruza kwenye dashibodi. Alikuwa Mzee, mkuu wake wa kazi.

"Ghala lake ni tupu. Mzigo umeshaondoka. Hatujui umekwenda hospitali gani."

"Zuieni dripu zote mjini."

"Zina nembo ileile na za halali. Tukizuia zote, tutaua wale tunaotaka kuwaokoa. Nataka aseme yeye. Akiwa hai."

"Hai kiasi gani?"

"Mama Mkwe."

"Nimekusikia."

Kioo cha nyuma cha Mercedes kilipasuka. Bwana Safi alikuwa akipiga risasi bila kugeuka, mkono juu ya bega, kama mtu anayejikuna. Risasi zote zilikwenda angani.

Mama Mkwe alitoa bastola yake ya Glock dirishani. Alipiga mara moja.

Tairi lilipasuka. Mercedes ikayumba, ikajipigiza kwenye nguzo ya geti la chuma, ikatulia ikifuka mvuke.

Alimtoa kwa kola. Kipande cha bati kilikuwa kimemchana paja na damu ilikuwa ikimiminika. Mwuguzi wa ambulensi alikaza bandeji, wakampandisha kitandani, akatafuta mshipa mkononi.

"Anahitaji maji," alisema mwuguzi, akatundika mfuko wa dripu.

Bwana Safi aliisoma nembo.

"Hiyo imetoka wapi?"

Mama Mkwe alimtazama mwuguzi. "Si hizi zilizoletwa leo asubuhi?"

Mwuguzi hakupepesa macho. "Ndizo."

"Sitaki," alisema Bwana Safi. "Msinitie hiyo."

"Kwa nini? Umesema polisi, umesema redioni, haina mdudu hai."

"Nakuomba, dada."

"Usiniite dada. Wa kwetu nawajua. Mzigo uko wapi?"

Mwuguzi aliishika klipu ya mrija, akangoja.

"Hospitali ya wazazi," Bwana Safi alitokwa na maneno kama anayetapika. "Lori la barafu, la bluu. Zimo chini ya samaki. Toa hicho kitu, mama, utaniua."

Kamera iliyofichwa kwenye kifungo cha koti la Mama Mkwe ilinasa kila neno. Alibonyeza Motorola aliyoshuka nayo.

"Lori la barafu la bluu. Hospitali ya wazazi. Chini ya samaki."

Wakati akingoja alifikiria wodi moja tu, vitanda vidogo vilivyopangwa ukutani, na hakumtazama tena yule mtu kwa kuogopa mkono wake mwenyewe.

"Tumelipata," alisema Mzee. "Lilikuwa linaingia getini. Hakuna hata mfuko mmoja ulioshuka."

Mama Mkwe aliizima Motorola.

"Mfungulie," alimwambia mwuguzi. "Hiyo ni ya kiwandani. Fungu lake limepimwa kwa damu yangu."

Maji yakaanza kudondoka. Bwana Safi aliyatazama matone, kisha akamtazama yeye, na uso ukamvimba kwa hasira.

"Umenidanganya. Wakili wangu atakutafuta. Jina lako nani?"

Alimtazama kuanzia viatuni. Kimoja kilikuwa kimebaki kwenye Mercedes. Hakuona sababu ya kuendelea juu.

"Mwuguzi, akikusumbua mwambie alale," alisema, akashuka, akatembea kuelekea Land Cruiser akitafuta funguo mfukoni.