Fyuzi ya Honi

Injini ilizima gari likiwa limeinamisha pua korongoni.

Haikukohoa wala kutetemeka. Ilikata tu, kama redio iliyochomolewa umeme, na papo hapo usukani ukawa mzito mikononi mwa Dereva, breki nayo ikawa ngumu kama gogo. Akasimama juu ya pedali kwa miguu yote miwili. Gari likaendelea kuteremka, mawe yakiruka chini ya tairi, likabamiza mwamba upande wa kushoto na kutulia kwa mshindo uliowatupa wote mbele.

Vumbi lilipopungua, wa kwanza kusema alikuwa Mjomba, kiti cha nyuma.

"Haya. Nani aliniambia huyu binti anajua kuendesha?"

Kisha akatazama paja lake. Sanduku la spana lilikuwa limeteleza kutoka nyuma, na kona yake ya bati ilikuwa imempasua kutoka juu ya goti hadi karibu na kiuno. Damu ilikuwa inajaza kiatu.

Walikuwa watatu. Dereva, mwenye gari, mwanamke wa miaka arobaini asiyependa maneno mengi. Mdogo wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, na aliyeyapenda maneno kwa niaba ya dada yake. Na Mjomba wao, mtu wa mwili na vicheko, aliyepima chumvi miaka thelathini kwenye machimbo ng'ambo ya uwanda, na sasa alikuwa anarudishwa nyumbani kupumzika. Nyumba ilikuwa imeshajaa ndugu wanaomsubiri. Njia ya mkato ilikuwa wazo lake. Hakuna aliyejua wameipita.

Dereva alivua mtandio wake, akaukunja mara nne, akaukandamiza kwenye jeraha kwa uzito wake wote. "Maji," alimwambia mdogo wake bila kugeuka.

Fundi alifungua mlango wa nyuma. Dumu la lita ishirini lilikuwa limepasuka ubavuni na sakafu ilikuwa inachuruzika. Aliliinua, akakinga kwa mdomo wa chupa, akaokoa kidogo. Jumla wakawa na chupa mbili za lita moja na nusu. Ilikuwa saa nne asubuhi na mawe tayari yalikuwa yanachoma mikono.

"Kwenye rejeta kuna maji mengine," Mjomba alisema.

"Yale yana dawa ya kupozea injini, Mjomba. Yatakumaliza kabla ya kiu."

"Angalau nitakufa nimepoa."

Simu hazikuwa na mtandao. Fundi akafunua boneti, akafungua sanduku la fyuzi, na hakuchukua hata dakika moja. Fyuzi moja ilikuwa imeungua, utepe wake umekatika katikati. Akachomeka nyingine kutoka mfukoni. Dereva akawasha. Injini ikaitika, Mjomba akapiga kofi, wakarudi nyuma kutoka kwenye ule mwamba na kupanda ukingo wa pili wa korongo.

Kilomita mbili baadaye ikazima tena.

Hapo Fundi akaanza kuhesabu. Fyuzi ile moja ilipeleka umeme sehemu tatu: kwenye pampu ya mafuta, kwenye nozeli zinazonyunyizia injini mafuta, na kwenye kile kipasha joto kilicho ndani ya sensa ya oksijeni, kijidude kilichofungwa kwenye bomba la moshi ili kionje moshi na kuiambia kompyuta ya gari kama mafuta yamezidi au yamepungua. Mahali fulani katika njia hizo tatu waya ulikuwa unapiga shoti. Sehemu tatu tu.

"Ni nini?" Dereva aliuliza.

"Pampu," Fundi alisema. "Pampu za magari haya ndizo zinazosumbua."

Pampu ilikuwa chini ya kiti cha nyuma, na juu ya kiti hicho alikuwa amelala Mjomba. Wakamshusha, mmoja kwapani, mwingine miguuni. Alipiga ukelele mmoja mfupi ambao hawakuwahi kuusikia kwake, na mtandio uliokuwa umeanza kukauka ukalowa upya. Wakamlaza kwenye kivuli cha gari, kivuli chembamba kama ubao. Fundi akang'oa kiti, akafungua pampu, akapima, akasafisha, akarudisha. Saa mbili na nusu zilipita. Pampu ilikuwa nzima.

Akachomeka fyuzi ya tatu, aliyoichomoa kwenye wipa. Gari likatembea hatua mia tatu juu ya mawe na kukata. Ya redio aliijaribu hapo hapo waliposimama. Ikalia *tik* hata kabla starta haijazunguka.

"Zimebaki ngapi za saizi hiyo?" Dereva aliuliza.

"Moja. Ya honi."

"Weka waya tuondoke," Mjomba alisema kutoka chini walikokuwa wamemlaza tena. Sauti yake ilikuwa imepungua nusu. "Fyuzi ni nini kwani? Si waya uliovalishwa koti?"

"Nikiweka waya mtupu, Mjomba, kitakachoungua si fyuzi tena. Ni gari."

"Vizuri. Wataona moshi."

Dereva alimnywesha kifuniko kimoja cha maji, kisha kingine. Yeye mwenyewe hakunywa. Akatazama kilima cha mawe upande wa magharibi. "Napanda pale nione tuko wapi. Nikirudi, nataka uwe umeshajua."

Fundi alibaki amesimama mbele ya boneti, jasho likimkauka kabla halijashuka.

Ukweli ni kwamba alishajua, au alihisi, tangu fyuzi ya pili. Wiki mbili nyuma, uani kwa dada yake, alibadilisha klachi ya gari hilo huku ndugu na majirani wamejaa wakinywa chai na kumchekesha. Katika kurudisha, kishikizo cha plastiki kinachozuia waya za sensa zisiguse bomba la moshi kilimvunjikia mkononi. Alikata kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, akazifunga, akaendelea na hadithi aliyokuwa akiisimulia. Kila fundi hufanya hivyo. Lakini bomba la moshi huiva, na mpira huyeyuka.

Ndiyo maana alianza na pampu. Pampu iliwekwa na mtu mwingine.

Fyuzi ya honi hakuigusa. Badala yake alichomoa balbu ya indiketa, akaunganisha vipande viwili vya waya, akaichomeka pale fyuzi inapokaa. Akafungulia swichi. Balbu ikawaka kwa nguvu zote, nyeupe mchana kweupe. Hiyo ndiyo shoti yenyewe, ikipita kwenye balbu bila kuunguza kitu. Akichomoa kiungo chenye kosa, balbu ingefifia.

Shida, balbu ilikuwa juu na kazi ilikuwa chini.

"Mjomba. Nikikuegemeza hapa kwenye bampa, unaiona hii taa?"

"Jicho langu halina jeraha."

"Kila nikiuliza, nijibu. Usinyamaze."

"Lini ulinisikia nimenyamaza?"

Fundi akaingia chini ya gari kwa mgongo. Mawe yalimchoma kupitia shati. Bomba la moshi lilikuwa bado na moto wake. Nywele za mkono zilinuka kabla hajaligusa. Alianza na waya za nozeli, akachomoa plagi yake.

"Mjomba?"

"Inawaka."

Akairudisha. Akachomoa ya pampu, kwa kujiridhisha.

"Sasa?"

"Inawaka, mpwa wangu. Inawaka kama... kama..." Mjomba alitafuta mfano, hakuupata. "Inawaka tu."

Ikabaki moja. Fundi alijivuta hadi chini ya sakafu ya kiti cha dereva, akageuza uso, na akaziona. Waya nne za sensa zilikuwa zimelala juu ya bomba kama tambi juu ya kikaango. Zimeyeyuka, shaba iko nje, na kwenye mbili kati yake kulikuwa na alama nyeusi zilipogusana na chuma. Kando yake, kile kipande cha tyubu kilikuwa kimegeuka lami. Alinyoosha mkono hadi kwenye plagi ya sensa. Ilikuwa imekwama kwa joto. Akaivuta kwa kucha, kisha kwa koleo, kiwiko kikaegemea bomba na ngozi ikabaki pale. Plagi ikaachia.

"Mjomba! Sasa?"

Kimya.

"Mjomba, imefifia?"

Hakuna sauti ila upepo. Alijivuta nje akipasua mgongo, akainuka. Balbu ilikuwa imefifia, mwanga kidogo mwekundu uliobaki. Na Mjomba alikuwa ameangusha kichwa kifuani, mate yamekauka mdomoni, uso una rangi ya jivu.

Aliporudi kutoka kilimani, Dereva alimkuta mdogo wake amepiga magoti, anammwagia Mjomba maji usoni kutoka chupa ya mwisho iliyojaa, anamwita kwa majina yote ya ukoo. Akamsukuma pembeni, akaweka vidole shingoni. Akasubiri. "Mpigo upo," alisema. "Ila unakwenda mbio na ni mdogo mno." Kisha: "Kuna vumbi magharibi. Limenyooka, halizunguki. Ni magari yanayofanya kazi. Kilomita arobaini, labda zaidi. Umejua?"

"Sensa ya oksijeni. Waya zimeungulia kwenye bomba. Nimeichomoa."

"Litatembea bila hiyo?"

"Litatembea. Lakini kompyuta haitajua kupima. Itamwaga mafuta kwa kukisia."

Dereva alitazama mshale wa mafuta. Ulikuwa umeinama juu ya robo. "Weka fyuzi yako."

Fundi alichomeka fyuzi ya honi. Dereva akawasha. Wote wawili walisubiri ule mlio mdogo wa *tik*. Haukuja. Injini ilinguruma kwa mashaka, ikanuka petroli mbichi, ikashika.

Hapakuwa na njia. Dereva alipita katikati ya mawe makubwa, akakwepa nyufa za chumvi, jua likiwa machoni. Fundi alikaa nyuma, kichwa cha Mjomba mapajani, mkono mmoja umekandamiza jeraha kwa shati lake, maana mtandio ulikuwa umeshalowa wote. Mjomba alifumbua macho kidogo kila gari liliporuka.

"Mwongeleshe," Dereva alisema. "Asilale."

Fundi akampa umbea wote aliokuwa nao. Jirani aliyehama usiku akasahau mbuzi. Shangazi aliyegombana na shemeji yake kwa ajili ya sufuria, kisha wakagundua sufuria si ya yeyote kati yao. Mjomba alicheka mara moja, puani.

"Nyingine," alinong'ona.

Fundi alikuwa ameishiwa. Mshale wa mafuta ulikuwa umelala kwenye mstari mwekundu.

"Kuna fundi mmoja," alianza. "Alibadilisha klachi ya gari la dada yake. Akavunja kishikizo cha waya, akafunga kwa mpira wa tyubu, na hakumwambia mtu."

"Mjinga gani huyo? Namjua?"

"Unamjua. Gari likawafia jangwani. Na yeye akahisi ni pale. Lakini akaona aibu, akasema pampu. Akamshusha mgonjwa kwenye kiti, jeraha likafunguka, akapoteza saa mbili na nusu na fyuzi mbili, ili tu asitazame kazi yake mwenyewe." "Ni mimi, Mjomba."

Mjomba alikuwa amefumba macho na mdomo umelegea.

"Mjomba! Ni mimi, umesikia?"

"Nimesikia mimi," Dereva alisema mbele. Hakugeuka. Mguu wake ukakanyaga mafuta zaidi.

Kilomita ya thelathini na nane, walipanda tuta la udongo mwekundu ulioshindiliwa. Barabara mpya, haijawekwa lami. Gari lilikwenda juu yake kwa urefu wa uwanja mmoja wa mpira, likakohoa mara tatu, likaishiwa. Mbele, mbali, lori lilikuwa linaondoka, limewapa mgongo. Dereva akaipiga honi kwa kiganja, kwa ngumi, kwa kiwiko. Haikulia. Fyuzi yake ilikuwa kazini kwingine.

Akatoka mbio. Mwanamke ambaye hakuwa ameonja tone tangu asubuhi alikimbia juu ya tuta lile akipunga mtandio uliojaa damu, sauti imemkauka kiasi kwamba Fundi, aliyebaki garini na Mjomba hatua hamsini tu nyuma yake, aliona mdomo wake ukifunguka lakini hakusikia kitu. Akaanguka, akainuka, akavua kiatu, akakirusha. Hakikufika hata robo ya njia.

Lori lilisimama, likaanza kugeuza. Lilikuwa lori la maji la kulainishia udongo. Mwisho wa kila mzunguko hurudi palepale lilikotoka. Lilikuja likimwaga maji upana mzima wa barabara, maji yanamiminika ardhini bure, na Dereva alisimama katikati yake mikono juu, hajasogea, mpaka bampa lilipofika hatua tano kutoka kifuani mwake.

Kambini kwa wajenzi wa barabara kulikuwa na tabibu, hema lenye vitanda viwili na dripu. Alishona jeraha. Baadaye alitoka nje akivua glavu, akasema mapigo yamepanda, mgonjwa amefumbua macho na ameuliza kama hapa wanapika. "Mngechelewa saa moja," akasema, kisha hakuimaliza sentensi.

Wafanyakazi walikuwa wamejaa kwenye mabenchi mbele ya hema, kila mmoja anataka kusikia. Mtu akampa Fundi bakuli la maji, mwingine akamfunga kiwiko kilichoungua. Fundi mkuu wa kambi, mzee mwenye ovaroli, alikuwa ametoka kulivuta gari lao.

"Pampu, siyo?" alisema, akimtazama kama mwenzake wa kazi. "Mwiko kuvuka ule uwanda na magari haya. Pampu zake ni za kukufia tu."

Watu waliitikia. Mtu akasema hata la kaka yake lilifanya hivyo hivyo. Jibu lilikuwa limeletwa tayari, limeoshwa na kukunjwa; ilibaki kulivaa tu. Dereva alikuwa ameketi mwisho wa benchi, mguu mmoja mtupu, unavuja damu. Tangu garini hakuwa amemwambia mdogo wake neno hata moja, na hata sasa hakumtazama.

"Pampu haina kosa," Fundi alisema. "Waya za sensa. Nilizifunga vibaya mimi, nyumbani. Na nilipojua, nikaficha. Yule mzee mle ndani amevuja damu kwa ajili yangu."

Mzee wa ovaroli alikuna kidevu, akatazama pembeni.

Dereva alivuta pumzi ndefu. Kisha, bado bila kumtazama, akajisogeza kidogo kwenye benchi, ikapatikana nafasi ya mtu mmoja.