Kaa Chini, Redio!

Kila Jumamosi, vyombo vya mchana vikishaoshwa na kufunikwa, Redio na Jicho walikuwa wakiteremka ngazi za nyumba yao kwa mbio kwenda maktaba ya umma. Majina hayo walipewa na mama yao, fundi cherehani, na yakawakaa sawasawa. Redio, binti wa miaka kumi na mitatu, alikuwa haishiwi maneno tangu anapoamka mpaka anaposinzia. Mdogo wake, Jicho, alikuwa kiziwi tangu kuzaliwa, na hakuna kilichompita. Mama akibadilisha kibanio cha nywele tu, Jicho ameshaona. Wawili hao walizungumza kwa lugha ya ishara, na hata kwa mikono Redio alikuwa mropokaji.

Mlangoni mwa maktaba palikuwa na ubao mweusi. Mkutubi, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, aliandika hapo kwa chaki vitabu vipya na filamu mpya. Jicho alipenda kuusoma ubao wote, neno kwa neno, huku dada yake akimvuta mkono.

"Twende! Nafasi yangu itachukuliwa!"

Nafasi gani? Nafasi ya kusimama! Ukumbi wa filamu ulikuwa chumba kirefu chenye viti vya plastiki, na Redio alisimama kando ya skrini, pale mwanga unapoipata mikono, akimtafsiria mdogo wake filamu nzima kwa ishara. Watu walinung'unika. Aliyenung'unika kuliko wote alikuwa kinyozi wa mtaa wa pili, baba mwenye kifua kipana na sauti ya kukitosha.

"Wewe binti, kaa chini! Tumekuja kutazama filamu, si mgongo wako."

"Sikai!" Redio alimjibu bila hata kugeuka. "Mdogo wangu naye amekuja kutazama filamu. Kama nakuziba, sogeza kiti."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kinyozi akasogeza kiti, na Redio akaendelea na kazi yake, kichwa juu.

Siku moja mkutubi alimwita pembeni. "Mwanangu, mashine hii mpya ya filamu huleta maandishi. Nikibonyeza hapa, kila kinachosemwa kinaandikwa chini ya picha. Jicho anasoma vizuri. Niyaweke?"

"Hapana, mama," Redio alijibu upesi. "Yanakwenda mbio mno. Mimi namtosha."

Uongo mtupu! Hakuwa ameyaona maandishi hayo hata mara moja. Ukweli ni kwamba kusimama pale kwenye mwanga, macho ya watu yote yakiifuata mikono yake, kulimnogea. Tena alikuwa na siri nyingine, kubwa kuliko hiyo. Hakuwa akitafsiri yote. Ilianza mwaka bibi yao alipofariki. Katika filamu moja mzee alikata roho, na Redio, kwa kumhurumia mdogo wake, akamwambia kwamba mzee amesafiri. Baada ya hapo ikawa mazoea. Watu wakizungumza kwa muda mrefu, mikono ya Redio ilisema, "Wanapiga soga tu." Mambo yakiwa ya kuhuzunisha, aliyageuza. Jicho hakujua. Kwake yeye, dada hakuwa mtu wa kumdanganya.

Basi ikaja filamu mpya iliyoitwa Punda wa Barua. Ilimhusu msichana na punda mzee waliopeleka barua kwenye vijiji vya milimani. Mwishoni mto ulifurika, punda akamsukuma msichana hadi ukingoni, kisha maji yakamchukua punda mwenyewe. Redio alitazama, na mikono yake ikasema, "Punda ameogelea, ametoka. Sasa anastaafu, anakula majani mpaka ananenepa."

Jicho aligeuka kuangalia watu. "Mbona wanalia?"

"Kwa furaha."

Jicho alimtazama kinyozi, aliyekuwa akijifuta uso kwa ukosi wa shati lake. Akakunja uso, kisha akairudia skrini.

Wiki iliyofuata, ubaoni kuliandikwa kwamba kitabu cha Punda wa Barua nacho kimefika. Jicho alikiazima siku hiyo hiyo. Alikisoma kitandani, akakisoma mezani, akakisoma karibu na cherehani ya mama mpaka mama akamwashiria asogee, asije akakalia sindano. Kisha jioni moja alikwenda moja kwa moja kwa dada yake, akamtupia kitabu mapajani.

"Punda alikufa," mikono yake ilisema.

Redio alishtuka, lakini akakaza shingo. "Kitabu ni kitabu, filamu ni filamu. Wamebadilisha mwisho."

"Watu walilia."

"Nilikwambia, kwa furaha."

"Kinyozi alilia mpaka ukosi ukalowa! Nani hulia furaha namna ile?" Macho ya Jicho yalikuwa yanawaka. "Jumamosi wanairudia. Nitatazama mwenyewe."

"Bila mimi utaelewa nini?"

Jicho alifumba macho. Ukizungumza kwa mikono, mtu akikufumbia macho amekufungia mlango. Redio alimgusa bega, akamtikisa, akamsihi. Wapi! Jicho alibaki kama alivyo, machozi yakimtoka kwenye kope zilizofungwa.

Jumamosi ilipofika, Jicho alitangulia. Redio alipofika maktaba akihema, alimkuta mdogo wake mbele ya ubao, chaki mkononi, watu wamemzunguka. Chini ya jina la filamu alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: NA MAANDISHI. MIMI NAJUA KUSOMA.

Mkutubi alivaa miwani yake, akasoma, kisha akamgeukia Redio. "Si uliniambia yanakwenda mbio?"

Kwa mara ya kwanza maishani, Redio alikosa neno.

Taa zilipozimwa, alikwenda kusimama mahali pake pa kila siku. Kiburi hicho! Alijiambia kwamba Jicho atashindwa tu, na hapo atamtafuta. Lakini Jicho aliinuka kutoka kwenye kiti chake, akasimama katikati ya ukumbi, akamnyooshea dada yake kidole na kukishusha kuelekea sakafuni. Hata kinyozi, asiyejua ishara hata moja, aliielewa hiyo.

"Kaa chini, Redio," kinyozi alisema, safari hii kwa upole, akamvutia kiti kilichokuwa kando yake.

Redio akakaa, uso umemshuka.

Filamu ilianza, na maneno meupe yakapita chini ya picha. Msichana wa barua alitania, ukumbi ukacheka, na Jicho akacheka nao kwa wakati ule ule. Hapo ndipo Redio alipong'amua. Miaka yote hiyo mdogo wake alikuwa akicheka peke yake, wengine wakiwa wameshanyamaza, kwa sababu alisubiri mikono ya dada ifike. Mto ulipofurika na maji yakamchukua punda, Jicho alilia pamoja na watu wote. Hakuvunjika wala hakuzimia. Alilia, akajifuta, akaendelea kutazama.

Taa zilipowashwa, Jicho alikuja kusimama mbele yake. "Ni hii tu, au zipo nyingine?"

Redio angeweza kusema ni hii tu. Uongo ulikuwa tayari kwenye vidole vyake. Alikunja ngumi, akazikunjua. "Zipo. Nyingi. Hata yule mzee hakusafiri. Alikufa."

"Kwa hiyo nikuamini nini sasa?"

Redio akaanza kulia. "Sikutaka uumie."

Mkutubi, aliyekuwa akikusanya viti, alisogea. "Anasemaje?" Redio akamweleza yote, hata ule uongo wa maandishi, na safari hii kila alichosema kwa mdomo alikisema na kwa mikono ili Jicho aone.

"Mimi nami nilikosea," mkutubi alisema. "Nilikuuliza wewe, wakati mwenye macho ya kusomea alikuwa ni yeye. Lakini sikiliza, mwanangu. Ulisimama pale kumtetea mbele ya watu wazima, na hilo ni jambo la kishujaa. Ila ukimpa mtu nusu ya ukweli, ukamnyima nusu, humlindi. Umemfanya mdogo kuliko alivyo. Ukweli ni wake, hata ule unaoliza. Sasa nenda kamwonyeshe zote ulizozibadilisha."

Redio akaenda. Mbele ya kabati la filamu alizitoa moja moja, kila moja akikiri alichokificha, na ilimuuma kila mara. Mkutubi aliziweka kando ili zirudiwe, safari hii na maandishi. Jicho alitazama rundo likipanda, mikono ameikunja kifuani.

Mwishowe aliikunjua. "Punda alipozama, maandishi yalikatika. Muziki ulikuwaje?"

Redio alifikiri. Angeweza kumpambia: ngoma nzito, zumari la huzuni. "Haukuwapo," mikono yake ikajibu. "Kulikuwa kimya. Sote hatukusikia kitu."

Jicho alimkazia macho. Kisha akamfuata kinyozi, aliyekuwa bado akipiga soga mlangoni, akamvuta mkono, akaonyesha skrini, akaigiza punda akizama, akagusa sikio lake na kuinua nyusi. Kinyozi akatikisa kichwa polepole: hakuna kitu.

Jicho akarudi, akamshika dada yake mkono. "Haya," akasema kwa mkono mmoja uliobaki. "Jumamosi ijayo utakaa karibu nami. Utaniambia muziki tu. Na ukae chini."