Alama za Kisigino Kwenye Plastiki

— Hilo begi libebe mgongoni, mpenzi. Likikaa pembeni mwa pikipiki litanichubulia rangi.

Fundi wa stika alimtazama mchumba wake, kisha akalitazama begi. Begi lilikuwa na hema, sufuria na chupa za maji. Safari ilikuwa ya saa tatu, na mgongo ulikuwa wake. Na huyu ndiye mwanamume ambaye yeye fundi alipanga kumwambia "ndiyo" kesho asubuhi. Walishakubaliana kwamba jibu la ndoa angelitoa hukohuko kambini, porini walikokuwa wakienda kulala, kisha warudi kuwaambia wazazi.

Mtaani mwanamume huyo walimwita Bwana Kioo, maana hakuweza kulipita tangi la pikipiki yake bila kujitazama. Asubuhi hiyo alishalipangusa mara tatu. Tena alikuwa amelichukua blanketi jipya la fundi, lililonunuliwa kwa ajili ya baridi ya porini, akalikunja chini ya begi la nguo zake lisikwaruze rangi. Fundi alipouliza watajifunika nini, akaambiwa mapenzi yana joto lake. Mapenzi kweli ni upofu, na yeye alikuwa amepofuka mwaka mzima.

Kazi yake ilikuwa kubandika stika, na plastiki angavu ya kulinda rangi, kwenye magari. Mwezi uliopita aliibandikia pikipiki hiyo plastiki kila mahali mizigo ingegusa, siku moja kabla Bwana Kioo hajaenda kambini peke yake "kutuliza akili". Alimwelekeza kila kitu: aoshe kwanza, maana vumbi likibaki chini ya begi hugeuka msasa, kisha akaze kamba, begi lisichezecheze. Tangu hapo fundi hakupandishwa tena mpaka safari hii. Aliambiwa pikipiki inapumzika.

Akachuchumaa kukagua kazi yake. Chini ya kiti, juu kidogo ya pale abiria anapoweka mguu, plastiki ilikuwa imeumia. Begi huacha mchubuko mpana. Hapa palikuwa na vijishimo vya mviringo, vidogo vidogo, vimefuatana. Akazunguka upande wa pili akakuta vingine.

— Kambini ulikwenda na nani?

— Si nilikwambia? Peke yangu.

— Peke yako, ukakaa mbele na nyuma? Hiki kisigino kirefu ni cha nani?

Bwana Kioo akakohoa.

— Aa, hicho... Siku moja nilimpa lifti dada yangu.

Fundi akatoa simu, akampigia wifi yake na kuweka sauti ya nje.

— Wifi, za asubuhi? Samahani, umewahi kupanda pikipiki ya kaka yako?

— Mimi? Acha tu, wifi yangu. Nilimwomba anipeleke hospitali, nina homa, akasema viatu vyangu vitamharibia rangi. Nikaenda kwa miguu.

Fundi akashukuru, akakata. Ilimuuma, na machozi yalimlenga. Yeye, enzi za kupandishwa, alivuliwa viatu kwanza, akapanda na soksi kama anaingia chumba cha wagonjwa mahututi. Kumbe kuna mtu alipanda na kisigino, akachimba anavyotaka, na rangi ikavumilia.

Akaingiza kucha kwenye pembe ya plastiki, akaanza kuivuta.

— Mpenzi, taratibu. Ukivuta hivyo utaondoka na rangi.

— Huna neno lingine la kuniambia?

Bwana Kioo akapiga magoti. Moyo wa fundi ukashtuka. Kwa sekunde moja ya kijinga alidhani anaombwa msamaha. Mwanamume akainamisha kichwa, akapitisha kidole pale plastiki ilipotoka, akashusha pumzi.

— Afadhali. Haijachubuka.

Fundi akamtazama vile mtu anavyotazama tope kwenye kiatu.

— Jibu la kesho nakupa leo. Hapana.

Akabandua plastiki yote, pande zote mbili. Akachomoa blanketi lake chini ya begi la nguo, akabeba begi lake lenye hema, akaondoka. Cha ajabu, mzigo uleule sasa ulikuwa mwepesi.

Jioni ujumbe ukaingia: "Nisamehe mpenzi, shetani alinipitia. Halafu ile plastiki ulinunua wapi?"

Fundi alicheka peke yake mpaka akakaa chini. Kisha akajibu: "Njoo dukani upange foleni na wateja wengine. Na huyo wako aje na soksi."