Injini Nyekundu Yenye Breki Mara Mbili

"Kwa heshima na taadhima, nawatangazia wananchi wote wa ukumbi huu kuwasili kwa injini mpya, Radi Nyekundu!"

Msichana wa miaka kumi na mitatu alitamka hayo akiwa amesimama juu ya kiti, mkono kifuani. Mguu wa kiti ukateleza, naye akatua sakafuni kwa makalio, puu! Wananchi wenyewe walikuwa wawili tu, na wote walicheka mpaka wakashika mbavu.

Ndivyo alasiri zilivyokwenda katika ukumbi wa wafanyakazi wa reli. Watoto wao wakitoka shule walitupa mifuko pembeni, wakazikimbilia kompyuta mbili zenye mchezo wa kuendesha treni. Msichana huyo, aliyeitwa Mkurugenzi kwa kupenda kwake kutoa amri, alikuwa amegundua biashara. Alisoma mahali kwamba watengenezaji wa michezo hiyo huuza injini za ziada ambazo mara nyingi ni injini ile ile, ila rangi na namba ubavuni zimebadilishwa. Basi naye akajifunza kupaka rangi injini ya bure. Aliyetaka moja alimfulia soksi wiki nzima.

"Hii ina nini cha zaidi?" aliuliza Kifaru, mvulana wa mabega mapana na hasira za karibu. "Ile ya bluu ilikuwa rangi tupu."

Mkurugenzi aliona soko linamponyoka. "Hii," akasema taratibu, kama daktari anayetoa majibu, "ina breki mara mbili. Jisomee."

Kweli, kwenye kadi ya maelezo ya injini, pale kwenye kioo cha kompyuta, paliandikwa: BREKI MARA MBILI. Aliyeandika alikuwa yeye mwenyewe, dakika kumi tu zilizopita.

"Dada, acha kutia chumvi," alisema Msumari, mtoto mwembamba wa mama yake mdogo, aliyekuwa akiongoza taa za njia kwenye kompyuta ya pili.

"Wewe ongoza taa zako!"

Kifaru akaondoka na mabehewa thelathini ya mawe. Safari hiyo moja ndiyo aliyobakiza ili awe dereva wa daraja la kwanza, cheo alichokihangaikia miezi mitatu. Treni ikashuka mlima. Kila dereva alijua kwamba breki hufungwa darajani. Kifaru akapita daraja akipiga mluzi. Mbele, taa ilikuwa nyekundu na treni ya abiria ilikuwa imesimama stesheni. Hapo ndipo alipofunga breki, na Radi Nyekundu haikumjali hata kidogo. Iliivaa treni ya abiria, mabehewa yakapandiana, moja likapasua paa la stesheni. Kioo kikawa cheusi. Alama zake zote za miezi mitatu zikafutika.

"Umeniwashia nyekundu makusudi!"

"Ilikuwa nyekundu tangu darajani! Macho yako yali—"

Ngumi ilimkatiza. Mdomo wa Msumari ulipasuka, damu ikamchuruzika mpaka kwenye kola. Akanyakua kibodi, akamtandika nayo Kifaru sikioni, na vitufe vikatawanyika sakafuni. Kifaru akamvuta shati, akamgongesha ukutani mara moja, mara mbili. Jino la Msumari likaruka na kudondoka katikati ya vitufe. Akamwangusha, akamkalia kifuani, akamkaba koo.

"Acheni!" alipiga kelele Mkurugenzi. Lakini alijua hilo silo neno lililohitajika. Lililohitajika ni kukiri habari ya ile kadi, naye hakukiri, huku uso wa Msumari ukibadilika rangi.

Mlango ulifunguka kwa kishindo. Mama yake Mkurugenzi, dereva wa treni, aliingia na ovaroli yake inayonuka dizeli, akamnyanyua Kifaru kwa kola kama paka.

"Kanihujumu, mama!" alilia Kifaru. "Kachezea taa!"

"Kama ni kweli, Msumari, hutakanyaga tena ukumbi huu."

"Mama mkubwa, si mimi!" Msumari alisema kupitia damu, akamgeukia Mkurugenzi.

Mkurugenzi akakohoa. "Napendekeza iundwe tume ya uchunguzi. Mimi niwe mwenyekiti."

Mama aliisogelea kompyuta akiwa bado amemshika Kifaru. Kwa mkono wa pili alirudisha safari ile kwenye kioo, akaitazama yote. "Taa ilikuwa nyekundu muda wote. Kifaru, mbona ulichelewa kufunga breki?"

"Imeandikwa breki mara mbili."

"Nani ameandika?"

Mwenyekiti wa tume akaanza kuchunguza kucha zake. Kisha akaliona lile jino sakafuni, na machozi yakamtoka.

"Mimi, mama. Nimepaka rangi tu, breki ni zile zile. Msumari hana kosa."

Kifaru alitaka kumrukia, lakini mkono wa mama ulikuwa bado kwenye kola yake. Akalegea, akakaa chini. "Nimempiga bure," akanong'ona.

"Umempiga kabla ya kuuliza," alisema mama. "Hilo ni lako, na utalibeba." Akamgeukia binti yake. "Kila asubuhi nasoma karatasi ya fundi. Ikisema breki ni nzima, naondoa treni, kwa sababu siwezi kuingia chini ya kila behewa. Nyuma yangu wamekaa watu mia sita. Uza rangi ukipenda, ila sema ni rangi. Uongo wako haukukuumiza wewe. Mwangalie ndugu yako."

Mkurugenzi alimwangalia. Akachota maji, akapiga magoti, akamfuta damu.

"Nisamehe. Inauma?"

"Ukiniuliza tena nitakung'ata kwa yaliyobaki," alisema Msumari, lakini hakuusukuma mkono wake.

Mama alikuwa amerudi kwenye kompyuta, anafungua kadi za injini nyingine, moja baada ya nyingine. "Hii eti haitumii mafuta. Hii eti hupanda mlima bila kupunguza mwendo. Binti yangu, ngapi zimeandikwa uongo?"

"Kumi na moja."

"Na zote ziko ngapi?"

Mkurugenzi aliokota kitufe kimoja sakafuni.

"Kumi na moja, mama."