Kona ya Hashimu

Duka la kuchapa karibu na soko kuu lilikuwa limefurika. Wa nakala za vyeti, wa kadi za harusi, na mmoja aliyetaka picha ya marehemu ikuzwe, wote walimwita muuzaji kwa mpigo. Somoe, buibui jeusi na mtandio wa zambarau, alinyoosha mkono apokee mchoro wake, akakuta umeshapokelewa. Mwanamume mrefu mwenye ovaroli ya buluu alikuwa ameukunjua juu ya kaunta nzima.

“Kaka, huo ni wangu.”

“Samahani, bibie. Nimetumwa kuchukua mchoro wa kiwanda cha barafu Ufukoni.” Hakuuachia. Akaweka kidole katikati ya karatasi. “Hili bomba linakwepa nini?”

Somoe alihisi baridi ikimpanda mgongoni, na Mtwara nzima ilikuwa inatoka jasho.

“Linakwepa linachokwepa,” akajibu.

“Mimi ndiye fundi wa kulifunga. Naitwa Fikirini. Sasa nikifika hapa nizunguke hewa?”

“Zunguka.”

“Nitazunguka. Ila nipe namba ya simu, nikipata kizunguzungu nijue nimlaumu nani.”

Somoe alicheka bila kutaka, akaitaja.

Mchoro huo haukuwa wake peke yake. Ulianzwa na Hashimu, mumewe, aliyegongwa na lori barabara ya Mikindani miezi minane tu baada ya ndoa. Wote wawili walikuwa wachoraji wa mabomba katika ofisi ndogo ya Rahaleo. Kazi yao ilikuwa kulijenga jengo zima ndani ya kompyuta kabla halijasimama, na kulipatia kila bomba masharti yake: anzia kwenye pampu hii, ishia kwenye tangi lile, ukuta usiusogelee kupita hapa. Ukiihamisha pampu, bomba linaifuata lenyewe. Somoe alipotoka eda, akakabidhiwa faili la marehemu alimalizie.

Ndipo alipoiona kona. Bomba la gesi ya kupoza lilipita chini ya dari ya chumba cha barafu, limenyooka vizuri, halafu katikati likakata kushoto, likazunguka mahali patupu, likarudi njiani. Somoe alilinyoosha. Kompyuta ikapiga hesabu zake, bomba likarudi kwenye kona. Akalinyoosha tena. Likarudi. Mara ya tatu alitoa mkono kwenye kipanya, akanong'ona, “Hashimu?”

Mchoraji mwingine angefungua orodha ya masharti akayasoma moja baada ya jingine. Ni kazi ya nusu saa. Somoe hakuifungua kwa sababu, tuseme ukweli, hakutaka kujua. Tangu siku hiyo, kila asubuhi alitoa salamu kimoyomoyo, akalivuta bomba kidogo, akalitazama likirudi. Kwake yeye, alikuwa ameitikiwa.

Fikirini naye hakuwa mtu wa kuchoka. Alipiga mchana, akapiga alasiri, kisingizio kikiwa vipimo.

“Sentimita ngapi kutoka ukutani, bibie?”

“Thelathini. Si nilikwambia jana?”

“Jana nilisikiliza sauti, namba sikuzisikia.”

“Iko siku utaangukiwa na bomba, wewe.”

“Utakuja kuniona hospitali?”

“Nitakuletea uji usio na sukari.”

Mwezi wa tatu wa simu hizo Somoe alijikuta anapaka wanja kabla ya kupokea simu, simu yenyewe ya sauti tu. Jumapili moja Fikirini alimfuata nyumbani Magomeni, shati jeupe limepigwa pasi likasimama, akamsalimia mama yake kwa adabu zote. Walipobaki barazani wawili, akasema, “Somoe, nataka kuleta washenga.”

“Kiwanda kiishe kwanza.”

“Kiwanda ndiyo baba yako?”

Somoe akacheka, akatazama pembeni. Alikuwa anafikiria kona.

Alhamisi alimpelekea Fikirini chakula kiwandani. Akainua macho darini. Bomba lilikuwa limenyooka kutoka mwanzo hadi mwisho, limechomelewa likang'aa.

“Umefanya nini?”

“Nimeokoa elbo nne za kupindia bomba na kazi ya siku nzima. Pale palikuwa hewa tupu, mpenzi.”

“Nani kakuruhusu umkate?”

“Nimkate nani?”

“Mrudishe, Hashimu! Mrudishe!”

Jina la marehemu lilikuwa limemtoka huku anamtazama Fikirini usoni. Mafundi wawili walishusha macho. Fikirini akavua glavu, moja, kisha ya pili, akaziweka juu ya sanduku la zana.

“Hashimu hayupo hapa,” akasema taratibu. “Na naona hata mimi sipo.”

Jioni alishakwenda Msimbati kwa dada yake. Simu yake ikawa inaita tu.

Ijumaa asubuhi Somoe alifungua faili, akalivuta bomba. Likarudi. Safari hii halikumfariji, lilimtisha. Alikuwa amempoteza mtu hai kwa kumwita jina la maiti. Akafungua orodha ya masharti, akasoma mpaka la kumi na mbili: bomba lisiisogelee ngazi kwa chini ya sentimita sitini.

Ngazi gani? Kwenye kioo cha kompyuta hapakuwa na ngazi. Akatafuta vitu vilivyofichwa, akakuta kimoja. Akakifichua.

Ngazi ikatokea palepale patupu, imepanda hadi kwenye mlango mdogo wa paani, na maneno ya Hashimu pembeni: “Njia ya kutokea mtu akifungiwa kwenye baridi.” Chini yake paliandikwa jina la aliyeificha na tarehe. Jina lilikuwa Somoe. Tarehe ilikuwa siku yake ya kwanza kazini baada ya eda. Akakumbuka. Kompyuta ilikuwa nzito, akavificha vitu vidogo vidogo apate wepesi, kisha akavirudisha huku machozi yanamziba macho. Kumbe kimoja hakukiona. Michoro yote ilichapwa bila ngazi, paa likaezekwa bila mlango, na Jumatatu kiwanda kinawashwa.

Alimtumia Fikirini picha ya kioo bila neno. Haikupita dakika, simu ikaita.

“Hiyo ni ngazi?”

“Ni ngazi.”

“Somoe, mimi nimeziba njia ya mtu.”

“Mimi nimeificha, wewe umeiziba. Njoo.”

Alikuja. Mwenye kiwanda akaelezwa, akafoka, akakubali. Jumapili adhuhuri kona ilikuwa imerudi darini, ngazi imesimama, na paa limekatwa mlango. Fikirini aliijaribu mwenyewe: akapanda, akatokea juu, akashuka kwa nje. Akamkuta Somoe ameketi juu ya tenga la samaki lililopinduliwa, mikono mapajani.

“Alikufa, Fikirini.”

“Najua.”

“Mimi ndiyo kwanza najua.”

Fikirini akafuta jasho kwa mkono wa ovaroli.

“Nilikaa eda nzima sikumlilia,” Somoe akasema. “Nilikuwa nasubiri arudi. Nipe siku arobaini nimlilie vizuri.”

“Na ya arobaini na moja?”

“Lete washenga. Wasichelewe, mama hapendi.”

“Hizo arobaini nikae mbali?”

Somoe alikusanya pindo la buibui. Akasogea kwenye tenga, akamwachia nafasi.

“Kaa hapa,” akasema, na kilio kikamtoka kwa sauti, cha mwaka mzima. Fikirini akakaa.