Niliandika Hewa ni Safi, Rasoa Akikohoa

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na minne, mkulima wa mahindi huku Lugari. Nimefiwa na mke. Aliyemuua ni mimi... kwa kalamu!

Shamba tulilipata Wazungu walipoondoka, uhuru ukiwa mchanga. Mke wangu, Rasoa, alikuwa na pumu tangu utotoni. Kila baada ya mavuno majirani walichoma mabua ili walime upesi, naye alishinda mlangoni akiitafuta pumzi.

Kisha bwana shamba akanipa kazi kwa kuwa najua kusoma. Asubuhi nibandike karatasi nyeupe kwenye kigingi shambani. Jioni, ikishashika masizi, niilinganishe na kadi ya rangi tano, namba moja ikiwa nyeupe na namba tano nyeusi, niandike namba yake. Moshi ukizidi, alisema, uchomaji utapigwa marufuku. Rasoa alifurahi mno! Alinishonea mfuko wa kutilia karatasi hizo.

Siku ya tatu akaja jirani yetu, Mzee Lumbasi, aliyetuazima ng'ombe wa kulimia tulipokuwa hatuna hata jembe.

"Kijana yangu, ukiandika moshi, serikali itasema hatujui kutunza shamba. Watatunyang'anya! Mzungu alikuwanga anachoma, nani alimpima? Weka hiyo karatasi ndani ya nyumba."

Ningemkatalia vipi? Nilikuwa mwoga, jamani! Nikawa nazibandika ndani ya sanduku langu la nguo, Rasoa asione. Zilitoka nyeupe pepepe. Msimu mzima niliandika moja, moja, moja...

Na kila jioni Rasoa aliniuliza, "Leo ni ngapi, Baba Esita?" Nikamdanganya na yeye. Nne, nilimwambia, vumilia tu, watakataza.

Alivumilia. Mwaka uliofuata mabua yakachomwa tena, zaidi ya mwanzo. Kifua chake kikaziba kabisa. Alisisitiza nimpakie kwenye baiskeli twende wote kwa bwana shamba, tukamwulize marufuku iko wapi.

Bwana shamba akafungua faili, akasoma kwa sauti. Moja. Moja. Moja. Akashangaa tunalalamikia nini wakati hewa yetu ni safi, tena kwa mwandiko wangu! Nilitamani ardhi ipasuke. Rasoa alikuwa kwenye benchi, anasikia yote.

Hakunitukana. Njiani aliniuliza mara moja tu kwa nini sikumwambia ukweli. Nilizidi kusukuma baiskeli. Kabla ya mvua za kwanza tulimzika. Mzee Lumbasi alikuja mazishini, koti lake likinuka moshi.

Nilirudi ofisini kukiri. Nikaambiwa kazi ile ilikwishafungwa.

Ndugu yangu unayesoma, ukipewa kupima jambo kwa niaba ya watu, pima! Usimwonee mtu haya hata kama ulilima kwa ng'ombe wake. Mimi majuto yangu sina wa kumpelekea. Leo tena wanachoma, na Esita, binti yetu, ameanza kukohoa...